Sindano ya Anti-D: mama mwenye damu hasi anunue ipi, lini na wapi?

Mjamzito wa Igoma, Mwanza, anapopimwa damu kliniki kwa mara ya kwanza, kadi yake huandikwa kundi: A, B, AB au O, kisha alama ya kujumlisha au ya kutoa. Wengi huandikiwa ya kujumlisha, yaani damu chanya, na habari huishia hapo. Wachache, ambao Afrika Mashariki kwa kawaida hawafiki 6 kati ya 100, huandikiwa ya kutoa. Damu yao ni hasi, au kama wengi tunavyosema mtaani, ni negativu. Makala haya ni yao, na ni ya waume zao, mama wakwe na wifi zao pia, maana siku ya kununua sindano fedha hutafutwa na ukoo mzima.

Sindano yenyewe ni anti-D. Kisera, huduma za uzazi katika vituo vya umma ni bure, lakini dawa hii haipatikani kila mahali, na mara nyingi mama hupewa karatasi aende akainunue. Bei yake ni kubwa kwa mtu anayeuza nyanya soko la Igoma au anayeishi kwa mshahara wa ulinzi. Ndiyo maana inafaa kujua mapema unanunua nini, kiasi gani, lini, na ni wapi unaweza kuokoa fedha bila kumhatarisha mtoto.

Fedha yako inanunua nini

Mama mwenye damu hasi akibeba mimba ya baba mwenye damu chanya, mtoto anaweza kuwa chanya. Wakati wa kujifungua, damu kidogo ya mtoto huingia kwa mama. Mwili wa mama huiona ngeni na kutengeneza kingamwili za kuishambulia. Mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika kwa sababu amekwisha kuzaliwa. Anayeumia ni anayefuata: kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kuvunja chembe zake nyekundu za damu. Mtoto huyo anaweza kufia tumboni, au kuzaliwa na upungufu mkubwa wa damu na manjano makali yanayoweza kuharibu ubongo.

Anti-D huzuia hayo kwa njia rahisi kueleza. Ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, na zikiingia kwa mama huzikamata chembe za mtoto na kuziondoa kabla mwili wa mama haujajifunza kuzichukia. Kwa hiyo ni kinga tu. Mama ambaye mwili wake tayari umetengeneza kingamwili zake hafaidiki nayo hata kidogo, awe amenunua ya bei gani. Hilo ni jambo la kwanza la kuokoa fedha: kabla ya kununua, omba kipimo cha Coombs kisicho cha moja kwa moja, ambacho huonyesha kama mama ameshatengeneza kingamwili. Hospitali kubwa za rufaa ndizo za kuulizia.

Kwa nini ni ghali: safari ya plazma

Kingamwili za anti-D hutoka kwa watu. Ni wachangiaji wachache wenye damu hasi ambao plazma yao, yaani ile sehemu ya maji ya manjano ya damu, imejaa kingamwili hizo. James Harrison wa Australia, aliyefariki Februari 2025 akiwa na miaka 88, alichangia plazma zaidi ya mara 1,100 hadi alipostaafu kuchangia mwaka 2018. Huduma ya damu ya nchi yake inakadiria kuwa mchango wake uligusa watoto milioni 2.4. Nchi nzima ya Australia hutegemea wachangiaji wa aina yake wasiofika 200. Bidhaa yenye chanzo chembamba hivyo haiwezi kuwa rahisi.

Sehemu ya pili ya gharama ni usalama. Plazma ya watu wengi huchanganywa pamoja kiwandani, na mmoja akiwa na kirusi, anaweza kuharibu shehena nzima. Ireland ililipa kwa uchungu. Mwaka 1977 plazma ya mwanamke mmoja aliyekuwa na homa ya ini iliingia kwenye anti-D, na zaidi ya wanawake 1,000 wakaambukizwa homa ya ini aina ya C. Walikuwa akina mama wazima waliokwenda kuchomwa sindano ya kuwalinda watoto wao wa baadaye. Nchi ilikuja kuujua ukweli mwaka 1994.

Ugumu wa kusafisha plazma ni kwamba kingamwili ni protini. Ukiichemsha ili kuua virusi, nayo inaganda kama ute wa yai, na mama anachomwa kitu kisicho na kazi. Viwanda vimepata njia za kuua kirusi na kuiacha kingamwili hai, na njia hizi ndizo za kutafuta kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi.

Ya kwanza ni kuchagua na kupima wachangiaji: virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na vingine.

Ya pili ni kutenganisha plazma kwa alkoholi katika baridi kali, njia iliyoanzishwa na Edwin Cohn wa Marekani miaka ya 1940. Viwanda vingine sasa hutumia safu za kuchuja protini badala yake.

Ya tatu ni kiyeyushi na sabuni ya kiwandani, njia iliyobuniwa New York miaka ya 1980. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini B na C vimevikwa ngozi ya mafuta. Sabuni hiyo huivunja ngozi, na kirusi hakiwezi tena kuambukiza. Kingamwili haina ngozi ya mafuta, kwa hiyo inabaki salama, na kemikali huondolewa baadaye. Baadhi ya viwanda hutumia asidi ya kaprili kwa kazi hiyohiyo.

Ya nne ni kichujio chenye matundu ya nanomita 15 hadi 20. Nanomita ni sehemu moja kati ya milioni ya milimita. Kirusi cha UKIMWI kina upana wa nanomita zaidi ya 100 na cha homa ya ini B kama 42, kwa hiyo vyote hukwama. Kingamwili ina kama nanomita 10, nayo hupita. Kichujio hiki husaidia hasa dhidi ya virusi visivyo na ngozi ya mafuta, kama cha homa ya ini A, ambavyo sabuni haiviwezi.

Kila hatua hupunguza kiasi cha kingamwili kinachobaki, na kila hatua huongeza bei. Hata hivyo ndizo zinazotutofautisha na Ireland ya 1977. Boksi la bei nafuu ambalo karatasi yake haisemi lolote juu ya kuondoa virusi si nafuu.

Kuna anayeuliza: mbona Mwanza tuna kituo cha kanda cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama, kwa nini tusipewe plazma yetu? Plazma ya kawaida haina anti-D, na kuitenganisha kunahitaji kiwanda kikubwa. Kusini mwa Sahara kazi hiyo hufanywa na taasisi ya National Bioproducts Institute ya Afrika Kusini, ambayo hutengeneza anti-D kutokana na plazma ya wachangiaji wa huko. Kwa hiyo tunanunua kutoka nje, na bei hupanda na kushuka na dola.

Chaguo la kwanza: dozi moja au mbili?

Hapa ndipo fedha nyingi huamuliwa. Chukua wanawake 100 wenye damu hasi waliozaa watoto chanya. Bila sindano yoyote, kama 16 kati yao watatengeneza kingamwili. Wakichomwa dozi moja ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, idadi hushuka hadi 1 au 2. Wakiongezewa dozi nyingine wiki ya 28 ya ujauzito, hushuka chini ya 1.

Ukizitazama hesabu hizi kwa jicho la mnunuzi, dozi ya baada ya kujifungua ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi. Dozi ya wiki ya 28 ni nzuri, na mwenye uwezo aichukue, lakini inaongeza kinga ndogo kwa bei ileile. Tena dozi ya wiki ya 28 huchomwa kabla hujajua kundi la mtoto, kwa hiyo wengine huilipia wakati mtoto wao ni hasi na hawakuihitaji. Ya baada ya kujifungua hununuliwa ukishajua.

Uamuzi wangu ni huu: kama fedha inatosha dozi moja tu, iweke kwa ajili ya saa 72 baada ya kujifungua. Usiitumie wiki ya 28 halafu ukakosa ya mwisho.

Aliyechomwa wiki ya 28 awaambie wakunga siku ya kujifungua. Dozi hiyo inaweza kufanya kipimo cha Coombs kionekane chanya, na mhudumu asiyejua akadhani mama ameshachelewa. Dozi ya pili bado inahitajika kama mtoto ni chanya.

Chaguo la pili: kiasi gani cha dawa?

Vichupa havilingani. Vingine huandikwa kwa mikrogramu, vingine kwa yuniti za kimataifa, na mikrogramu 1 ni sawa na yuniti 5. Kwa hiyo boksi lenye yuniti 1,500 na lenye mikrogramu 300 yana kiasi kilekile. Lenye yuniti 500 lina mikrogramu 100 tu. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani hutaja kichupa cha mikrogramu 250.

Dozi ya mikrogramu 300 hufunika mililita 30 za damu ya mtoto zilizoingia kwa mama, kiasi kinachotosha karibu kila uzazi wa kawaida. Uingereza hutumia dozi ya yuniti 500 baada ya kujifungua, lakini huko hupima damu ya mama kujua kiasi kilichoingia, na kuongeza dawa ikibidi. Mahali ambapo kipimo hicho hakipo, dozi kamili ya 250 au 300 ndiyo ya kutafuta.

Kwa hiyo usilinganishe bei ya boksi kwa boksi. Gawanya bei kwa mikrogramu. Chukua mfano wa hesabu tu, si bei ya duka lolote: kichupa cha mikrogramu 100 kwa shilingi 60,000 na cha 300 kwa shilingi 150,000. Cha kwanza kinaonekana cha maskini, lakini kila mikrogramu 100 inakugharimu 60,000, wakati cha pili ni 50,000. Tena daktari akikuandikia 300, vichupa vitatu vidogo ni shilingi 180,000.

Chaguo la tatu: ya plazma au ya maabara?

India kuna anti-D ambayo haitoki kwenye plazma ya wachangiaji wengi, bali kwenye chembe hai zinazokuzwa kiwandani, zote zikitoa kingamwili ya aina moja. Huitwa monoklona. Faida yake ni kwamba haitegemei wachangiaji adimu, na hatari ya virusi vya watu wengi waliochanganywa haipo kwa namna ile. Upungufu wake ni kwamba imetumika kwa muda mfupi na kwa wanawake wachache zaidi kuliko ya plazma, ambayo ina historia tangu mwaka 1968. Dawa za anti-D zilizosajiliwa Ulaya na Marekani bado hutoka kwenye plazma ya binadamu.

Kama zote mbili zipo mbele yako na tofauti ya bei ni ndogo, chukua ya plazma iliyopita kwenye sabuni na kichujio. Kama iliyopo ni ya monoklona pekee, imesajiliwa, na saa zinakwisha, zungumza na daktari wako na usibaki bila kitu.

Angalia pia njia ya kuchoma. Boksi jingine huruhusu msuli tu, jingine msuli au mshipa. Ya msuli ikichomwa mshipani inaweza kuleta madhara makubwa. Mwonyeshe mhudumu maandishi hayo kabla hajavuta dawa. Baada ya kuchomwa, kaa kituoni angalau dakika 20 wakuangalie kama kuna mzio.

Chaguo la nne: wapi ununue, na unabebaje?

Duka la dawa muhimu la mtaani lina kibali cha orodha maalumu ya dawa. Anti-D si dawa ya kuitafuta huko. Nenda kwenye famasi yenye mfamasia, au famasi ya hospitali. Kutoka Igoma utapanda daladala kwenda mjini, na ukifika kuna vitu vitano vya kutazama ukiwa umeshika boksi mkononi.

Kwanza, friji. Dawa hii hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Mwambie muuzaji akuonyeshe kipimajoto cha friji yake na umuulize umeme ukikatika anafanyaje. Muuzaji mwaminifu hakasiriki. Boksi likitolewa kabatini, achana nalo.

Pili, tarehe ya mwisho ya matumizi na namba ya toleo. Iliyo kwenye boksi ilingane na iliyo kwenye kichupa.

Tatu, dawa yenyewe. Iliyo tayari kuchomwa iwe angavu, isiwe na vipande vinavyoelea. Iliyoganda kwa baridi haifai hata ikiyeyuka.

Nne, usajili. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ina orodha ya dawa zilizosajiliwa nchini, na ina ofisi ya kanda Mwanza. Jina la dawa na la kiwanda yatafutwe humo.

Tano, risiti yenye jina la dawa na namba ya toleo. Ibandike kwenye kadi ya kliniki. 

Njiani, boksi likae kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana au kikasha cha baridi, likiwa limefungwa kwa kitambaa lisiguse barafu moja kwa moja. Usilipeleke nyumbani likae siku nyingi kwenye friji ya soda inayofunguliwa kutwa. Njia bora ni kukubaliana na famasi ikutunzie, au hospitali utakayojifungulia ilipokee na kuliandika jina lako.

Mahali pa kuokoa fedha bila hatari

Baba apimwe kundi. Kama naye ni hasi, na hakuna shaka juu ya ubaba, mtoto atakuwa hasi na sindano haihitajiki. Njia isiyo na gharama ni kwenda kuchangia damu: mchangiaji hupimwa kundi lake, na nchi inapata chupa moja zaidi. Gharama ya kipimo cha baba ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya sindano mbili.

Mtoto apimwe damu ya kitovu mara tu anapozaliwa. Waambie wakunga mapema, kabla ya uchungu, kwamba wewe ni hasi. Mtoto akiwa hasi, umeokoa fedha yote, na boksi lililotunzwa vizuri linaweza kumfaa mwingine kwa utaratibu wa hospitali.

Mimba ikiharibika kabla ya wiki 12, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 haupendekezi anti-D kwa uavyaji wa mapema hivyo. Muulize daktari kabla ya kulipa. Baada ya wiki hizo, mimba ikiharibika, mama akitokwa na damu au akiumia tumbo kwa ajali ya bodaboda, sindano huhitajika na haisubiri uzazi.

Uliza bima. Iwe NHIF, CHF iliyoboreshwa au ya kampuni, uliza mapema kama anti-D imo, na katika hospitali ya ngazi gani. Jibu la "ndiyo" linaloishia hospitali za Bugando au Sekou Toure halikusaidii kama umepanga kujifungulia zahanati.

Halafu weka akiba. Mama aliyeanza kliniki wiki ya 12 ana wiki 28 mbele yake. Kwa mfano wetu wa shilingi 150,000, hiyo ni kama 5,400 kwa wiki, chini ya 800 kwa siku. Kikoba cha akina mama kinaweza kuibeba, hasa kikiambiwa wiki ya 12 badala ya usiku wa uchungu.

Gharama ya kutonunua

Anayesema sindano ni ghali aiweke kando ya mbadala wake. Mtoto anayefuata akipata manjano makali atahitaji rufaa, taa za kutibu manjano, pengine kubadilishiwa damu yote kwa damu hasi ambayo ni adimu, siku nyingi wodini, na mama na baba wasiofanya kazi. Akipona na ubongo umeguswa, gharama haina mwisho. Hayo yote ni kwa mimba moja tu, na kila mimba inayofuata yenye mtoto chanya inaweza kuwa mbaya zaidi.

Watafiti wanakadiria kwamba karibu nusu ya wanawake duniani wanaohitaji kinga hii hawaipati, ingawa imekuwepo tangu 1968. Sehemu kubwa yao wako katika nchi kama zetu. Sioni sababu ya kulikubali jambo hilo Mwanza, jiji lenye hospitali ya rufaa ya kanda, kituo cha damu na ghala la Bohari ya Dawa. Wanaohitaji ni wachache. Halmashauri ikijua idadi yao kutoka kwenye kadi za kliniki, inaweza kuagiza vichupa vya kutosha kwa mwaka mzima bila kutikisa bajeti. Madiwani waulizwe hilo, na wahudumu wa kliniki wawe wa kwanza kuuliza.

Kwako mama uliyeandikiwa alama ya kutoa: pima Coombs, mpeleke baba akachangie damu, weka dozi moja kamili ya mikrogramu 250 au 300 kwa ajili ya siku ya kujifungua, na hakikisha friji yake unaijua. Ukichelewa kupita saa 72, usikate tamaa ukakaa nyumbani; hadi siku ya 10 bado inaweza kusaidia kiasi, kwa hiyo nenda hospitali siku hiyohiyo.